Kabla ya mtoto, pima safari ya saa tano asubuhi: mwongozo wa kuchagua mtaa wa kuhamia

Nyumba ilikuwa nzuri, sitaisingizia. Vyumba vitatu, ua wa nyuma, mti wa kivuli. Tuliinunua tukiwa wawili, mimi na mume wangu, mwaka mmoja kabla ya kupata mtoto. Asubuhi basi la moja kwa moja lilipita karibu na lango, tukapanda pamoja, na kabla ya saa moja kwisha tulikuwa mjini. Jioni vivyo hivyo. Tukajipongeza kwa akili zetu.

Mtoto akafika miezi tisa, nikarudi kazini. Siku moja saa tano asubuhi simu ikalia: mtoto amepanda homa, njoo umchukue. Nikabeba mkoba nikakimbilia kituoni, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo kwa miaka karibu miwili sikuwa na sababu ya kuligundua. Basi la mwisho la asubuhi kurudi kwetu lilikuwa limeondoka saa tatu na nusu. Linalofuata ni la saa tisa alasiri. Kati ya hayo mawili hakuna kitu. Nilidandia magari mawili tofauti, kipande kilichobaki nikakitembea kando ya barabara kuu isiyo na njia ya waenda kwa miguu, nikafika saa nane na robo. Mlezi alikuwa amemlaza begani. Hata hakunilaumu. "Pole mama," akasema, "wa mtaa huu wote huchelewa."

Wote huchelewa! Wala hakuna aliyetuambia siku tunaonyeshwa nyumba.

Kwa hiyo mwongozo huu hautagusa ukubwa wa vyumba, ubora wa shule, wala usalama wa mtaa. Hayo utaambiwa na kila mtu mpaka uchoke. Na shule yenyewe, kwa mtu ambaye hata mimba haijatunga, ni habari ya miaka sita ijayo au zaidi. Mwalimu mkuu unayesifiwa leo huenda atakuwa keshastaafu. Mimi nina swali moja tu. Ukiitwa saa tano asubuhi siku ya kazi, utafika saa ngapi?

Kwa nini saa tano

Usidhani ni ajali ya mara moja. Mtoto mdogo hupata mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa mara sita hadi nane kwa mwaka, na anayelelewa pamoja na wenzake hupata zaidi. Vituo vingi vya kulelea watoto humrudisha nyumbani mtoto aliyefika nyuzi 38. Akiwa chini ya miezi mitatu, joto hilo hilo linataka daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja jioni. Ongeza kuharisha, upele usiojulikana, jino, kidole kilichobanwa mlangoni. Hata nusu tu ya hayo ikileta simu, wewe na mwenzako mtapigiwa mara kadhaa kila mwaka, kwa miaka mitatu au minne mfululizo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mzazi aliye mbali hashushi homa.

Sasa tazama jinsi usafiri wa viungani unavyopangwa. Magari na madereva huwekwa kwa ajili ya wale wanaoingia mjini asubuhi na kutoka jioni, maana ndiko wateja walipo. Katikati ya siku magari hulala karakana. Kuna njia nzima zilizojengwa hivyo kwa makusudi: treni za West Coast Express, zilizoanza mwaka 1995, huingia Vancouver, Kanada, kutoka mji wa Mission asubuhi na kurudi alasiri na jioni, siku za kazi tu. Kwa mfanyakazi asiye na mtoto ni huduma safi kabisa. Kwa mzazi aliyeitwa saa tano, reli ni mapambo.

Mwanazuoni wa mipangomiji kutoka Hispania, Inés Sánchez de Madariaga, alilipa jambo hili jina: usafiri wa malezi. Hoja yake ni kwamba safari za kumpeleka mtoto, kumchukua, kumkimbiza zahanati na kupitia dukani zimetawanywa katika takwimu chini ya majina mengine, ndiyo maana huonekana chache, wakati safari ya kwenda kazini ina fungu lake lenyewe na husomeka kama ndiyo safari yenyewe. Ukishalijua hilo, utaona kwa nini ratiba nyingi zina shimo katikati ya mchana.

Na shimo hilo halimuumizi kila mtu sawa. Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi alichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu watu wanaosafiri mbali kila siku kwenda kazini. Wengi wao ni wanaume wenye familia, na wake zao mara nyingi huishia kuchukua kazi ndogo iliyo karibu na nyumbani ili awepo wa kuitika simu. Aliona pia kwamba uwezekano wa wanandoa kuachana uko juu kwa asilimia 40 pale mmoja anaposafiri mbali. Kwangu mimi haikufika huko, ila ilifika mahali ambapo tulikuwa tukigombana kwa ujumbe wa simu kuhusu nani ana mkutano muhimu zaidi.

Jinsi ya kupima

Chukua likizo siku moja katikati ya wiki. Jumatano inafaa, Jumamosi haifai hata kidogo, na utaona baadaye kwa nini madalali wanaipenda. Saa tano kamili simama mlangoni pa kazini kwako, kana kwamba umepigiwa simu sasa hivi, kisha uende mpaka mlango wa kituo cha kulelea watoto katika mtaa unaoutamani. Huna gari? Nenda bila gari. Mnalo moja? Nenda bila hilo pia, kwa sababu siku utakayoitwa litakuwa na mwenzako. Hesabu kila kitu: kungoja, kubadilisha gari, ngazi, kipande cha miguu. Rudia safari hiyo siku nyingine, na safari hii abebe mwenzako zamu yake, kutoka kazini kwake.

Ukifika, usiondoke haraka. Kaa nusu saa uutazame mtaa. Kuna mtu? Mzee anayefagia, duka lililofunguliwa, mama mwenye kigari cha mtoto? Mtaa ambao saa tano uko kimya kama makaburini ni mtaa ambao siku ukikwama hutakuwa na jirani wa kumwomba akushikie mtoto nusu saa.

Kiwango changu ni saa moja, mlango kwa mlango. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Kiitaliano, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu kwa wastani hutumia kama saa moja kwa siku kwenda na kurudi, miji ikipanuka kadiri vyombo vinavyoongeza kasi. Mimi simfuati sana, saa yangu ni ya upande mmoja na ni ya dharura. Ikipita hapo, hata nyumba iwe na bustani ya namna gani, mimi naachana nayo.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naupa mji mdogo wenye kituo chake cha treni, ulio kwenye njia ambayo treni hupita siku nzima. Nina upendeleo na siufichi. Ukinipa chumba kimoja na sebule mwendo wa miguu kutoka kituo hicho, na mwingine ukampa jumba la vyumba vinne kwingineko, sitamwonea wivu.

Lakini tahadhari: siyo kila kituo. Kinachotafutwa ni ratiba ya dakika zile zile, yaani treni ikipita saa mbili na dakika kumi, ipite pia saa tatu na dakika kumi, saa nne na dakika kumi, mpaka usiku. Uholanzi iliupangia mtandao wake wa reli utaratibu huo mwaka 1970, Uswisi ikafuata mwaka 1982. Mzazi wa huko hahitaji hata kutazama ratiba.

Mji ninaoutolea mfano mpaka wenzangu wamenichoka ni Houten, karibu na jiji la Utrecht huko Uholanzi. Uliongezwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mchoro wa msanifu Rob Derks: magari yamesukumwa kwenye barabara inayouzunguka mji, ndani kumeachiwa baiskeli na waenda kwa miguu, na kituo cha treni kiko katikati kabisa. Una watu kama 50,000. Treni kwenda Utrecht huchukua chini ya robo saa, na hupita mara kadhaa kila saa. Shule za msingi zimewekwa kando ya njia za baiskeli. Huwezi kuhamia Houten? Hata mimi siwezi. Beba umbo lake kichwani ulitafute ulipo: kituo katikati, malezi karibu na kituo, hakuna barabara kuu ya kuvuka. Clarence Perry, mpangamiji wa Marekani, alikwisha kulisema hilo la barabara mwaka 1929, alipochora mtaa ambao mtoto hufika shule kwa miguu bila kuvuka njia kubwa.

Nafasi ya pili ni kiunga chenye kazi zake chenyewe: hospitali, chuo, ofisi, viwanda vidogo. Mmoja wenu akipata kazi humo, shida ya saa tano imekwisha nusu. Vällingby, nje ya Stockholm, ilifunguliwa mwaka 1954 kwa wazo hili hasa, kazi na makazi na maduka mahali pamoja. Wakazi wake wengi waliendelea kusafiri kwenda katikati ya Stockholm kufanya kazi, ndiyo sababu sikuipa nafasi ya kwanza. Kazi zikiwepo mtaani si lazima ziwe zako. Lakini treni ya chini ya ardhi ilikuwa imefika miaka miwili kabla ya ufunguzi, na hilo tu lingenitosha.

Nafasi ya tatu, kingo za jiji lenyewe, pale njia za basi zinapoishia. Nyumba ni finyu, kelele zipo, ila basi la saa tano lipo pia. Sina zaidi.

Nafasi ya nne, na naiweka hapa kwa shingo upande, ni mtaa mpya uliojengwa wote kwa mkupuo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndiko nilikonunua. Kila mtu ni wa rika lenu, kila mtu yuko kazini, na saa tano asubuhi anayekujibu ni mbwa. Tena rika moja lina gharama ya baadaye: Tama, mji mpya wa magharibi ya Tokyo, ulianza kupokea wakazi mwaka 1971, familia changa kwa maelfu; watoto wakakua kwa pamoja, wakaondoka kwa pamoja, na shule zikafungwa. Kama mtaa mpya ni lazima, nunua pale ambapo usafiri umetangulia watu. Rieselfeld, huko Freiburg, Ujerumani, ilifikiwa na tramu mwaka 1997 wakati nyumba nyingi zilikuwa bado hazijajengwa.

Za bei ya chini kabisa, mbali kando ya barabara kuu: zipo, ni rahisi, na usafiri wa mchana ni wa kubahatisha. Kama mna magari mawili na mwajiri mwelewa, sawa.

Hawa wauzaji

"Dakika 35 kutoka mjini." Zilipimwa na nani? Saa ngapi? Kuelekea wapi? Nimewauliza madalali watatu na wote walicheka kana kwamba nimetania. Kisha wanakuonyesha nyumba Jumamosi, barabara nyeupe, watoto wote wako nje wanacheza, ukadhani hivyo ndivyo mtaa ulivyo. Nilipoomba kwenda Jumatano, mmoja akaniambia Jumatano hawaonyeshi nyumba. Nikamwambia nyumba nimeshaiona kwenye picha, nataka kuliona basi.

Halafu kuna neno "kifamilia". Likitiwa kwenye tangazo, bei inapanda, na unacholipia ni bembea moja na uzio. Mtaa wa jirani, wenye kituo cha malezi, zahanati na basi kila robo saa, unaitwa "wa kawaida." Na kituo cha treni "kinachokuja"! Sisi kwetu kilikuwa kinakuja tangu tulipotia sahihi. Bei yake tulishailipa, chenyewe bado.

Nyumba ile sasa iko sokoni, sisi tumepanga karibu na reli, vyumba viwili. Wiki iliyopita nililisoma tangazo dalali alilotuandikia. Ua wa nyuma, mti wa kivuli, mtaa wa kifamilia, dakika 35 kutoka mjini. Nilimpigia aondoe hizo dakika, au angalau aandike ratiba ya mabasi chini yake. Akaziondoa. Juzi nimetazama tena, amezirudisha.