Sonny Rollins ndani ya Village Vanguard: watu watatu, bila kinanda

Bendi hii haina kinanda. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo linalonirudisha kwenye "A Night at the Village Vanguard" kuliko albamu nyingine yoyote ya jazi niliyo nayo. Sonny Rollins anapuliza saksafoni ya tenori, pembeni yake kuna besi kubwa ya kusimama na ngoma, basi. Hakuna wa kumtandikia njia wala wa kumzibia pengo. Akinyamaza, kimya chake kinasikika.

Ilirekodiwa mbele ya watu tarehe 3 Novemba 1957 kwenye klabu hiyo ya New York, iliyoko chini ya ardhi, na fundi mitambo alikuwa Rudy Van Gelder. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amerekodi albamu humo. Baadaye wanamuziki wengi wa jazi walipanga foleni. Rollins alikuwa na miaka 27. Mchana alipiga na Donald Bailey kwenye besi na Pete La Roca kwenye ngoma, usiku akapanda na Wilbur Ware na Elvin Jones. Toleo la kwanza la santuri lilikuwa na nyimbo sita, na ni "A Night in Tunisia" pekee iliyotoka kwenye onyesho la mchana. Ni nzuri, siikatai, ila ukiisikiliza kati ya zile za usiku utaona tofauti: La Roca anamsindikiza Rollins, Elvin anabishana naye.

Na ubishi huo ndio utamu wenyewe. Chukua "Sonnymoon for Two", bluzi aliyoitunga Rollins mwenyewe. Wimbo wote ni kipande kifupi cha noti chache zinazoteremka, kinarudiwa mara tatu, kwisha. Mtoto anaweza kukiimba. Halafu Rollins anaanza kukichokoa: anachukua mkia wake na kuugeuza, anauacha, anakwenda mbali hadi unadhani amesahau alikotoka, kisha ghafla anakutupia zile noti za mwanzo mahali ambapo hukuzitegemea. Wakati huo Elvin hatulii kwenye mdundo mmoja. Mkono mmoja uko kwenye matoazi, mwingine unadokoa ngoma nyuma ya mpigo, na kila Rollins anapomaliza sentensi kuna jibu linamngoja. Yote yanatungwa palepale. Naijua kwa moyo, lakini bado hunishtua.

Wilbur Ware ni rahisi kumpita, nami naomba usimpite. Hana papara. Anaweza kurudia noti ileile, akaacha nafasi, akaja na nyingine nzito, na kwa kuwa kinanda hakipo, noti hizo chache ndizo zinazokuonyesha wimbo umefika wapi. Msikilize kwenye "Softly, as in a Morning Sunrise". Huo ndio wimbo ningemwekea mtu anayesema jazi ni fujo.

"I Can't Get Started" inapigwa taratibu, na hapo unasikia ukubwa wa sauti ya Rollins: nene, yenye ukwaruzo kidogo, haibembelezi hata ikiwa kwenye wimbo wa mapenzi. "Striver's Row" ni ya kasi, imejengwa juu ya mkondo wa akodi (noti zinazopigwa pamoja kusindikiza wimbo) wa "Confirmation" ya mpiga saksafoni Charlie Parker. Wanaomjua Parker watafurahi zaidi kuliko wengine.

Kasoro ipo. Sauti ni ya mono, yaani yote inatoka kwenye mkondo mmoja bila kugawanywa kushoto na kulia, na ngoma zinapopamba moto besi huzama. Kwenye spika ndogo za simu utampoteza Ware kabisa, kwa hiyo tafuta vipokea sauti vizuri, au spika yenye besi ya kutosha.

Matoleo ya baadaye yameongezewa nyimbo nyingi za siku hiyohiyo. Anza na zile sita, zikishakukaa masikioni ndipo uende kwenye "What Is This Thing Called Love", inayozidi dakika 13. Ndani yake Rollins anamwachia kila mmoja uwanja, na Elvin anajibu kwa solo ya ngoma ambayo mimi huongeza sauti kila inapofika.