Kikao cha video kila siku au ripoti ya kuandika?
Timu yangu iko Nairobi, Manila na Toronto, na njia zote mbili nimezitumia. Video ina raha yake, mnaonana sura, mnacheka, mgeni anazoea haraka, ila shida ni saa: Nairobi saa 10 jioni, Toronto ndo kwanza saa 2 asubuhi kipindi cha baridi, Manila ni saa 3 usiku, dada yetu wa kule alikuwa anaingia na mtoto mapajani na hakuwahi kulalamika hata siku moja, maana kwake kumpinga bosi mbele za watu ni kukosa heshima, mi nikadhani yuko poa kumbe anaumia.

Kuandika, kila mtu anaandika mchana wake, na hapo ndo nilianza kupata mawazo ya wale wakimya. Ubaya, maandishi ni makavu, mtu akiandika “sawa” huwezi jua kama amekasirika.

Mi nachagua kuandika, video mara 1 kwa wiki na saa inazunguka, zamu ingine sisi wa Nairobi ndo tunaamka alfajiri. Na kumsifia mtu mbele ya wote, muulize kwanza inbox, wengine wanaona aibu sana.