Sosi ya soya ipi ununue ukitaka ladha ya nyumbani ya Kichina

Mtu aliyelelewa kwenye familia ya Kichina akijaribu kupika tena vyakula vya utotoni ugenini, iwe mayai na nyanya, samaki wa mvuke au nyama ya hongshao (iliyotokoswa polepole kwenye sosi ya soya na sukari), mara nyingi hulaumu jiko: moto mdogo, karai si lenyewe. Mimi nasema aanze na chupa. Mapishi ya nyumbani si yale ya mgahawani yenye miali ya moto inayoruka juu ya karai. Mengi hutokoswa polepole au hupikwa kwa mvuke, na viungo ni vichache mno kiasi kwamba sosi mbaya haina pa kujificha.

Ya kwanza: sosi nyepesi iliyochachushwa

Tafuta chupa yenye maandishi 生抽, yaani shengchou. Ni majimaji ya kahawia, yana chumvi nyingi na harufu nzuri ya soya iliyochacha. Hii ndiyo sosi ya kila siku, na kama pesa inatosha chupa moja tu, nunua hii.

Soma viambato kabla ya kusoma jina. Vinavyotakiwa ni maji, soya, ngano na chumvi, na sukari kidogo haina ubaya. Chupa zilizotengenezwa China huwa na msaada mwingine: kiwango cha nitrojeni ya asidi amino, kilichoandikwa 氨基酸态氮. Kadiri protini ya soya ilivyovunjika vizuri wakati wa kuchacha, ndivyo namba hiyo inavyopanda. Kwa kiwango cha kitaifa cha China cha mwaka 2000, daraja la juu kabisa linaanzia gramu 0.8 kwa mililita 100, la kwanza 0.7, la pili 0.55 na la tatu 0.4. Chini ya 0.7 mimi siwekei samaki wa mvuke, ingawa kwa kuchemshia nyama inatosha.

Lakini angalia mtego. Kiwanda kikiongeza MSG, ile chumvi ya kukoleza ladha (味精 au 谷氨酸钠 kwenye lebo), namba hiyo hupanda bila sosi kuchacha vizuri zaidi. MSG si sumu, na jikoni kwa Wachina wengi ipo. Ila usilipe bei ya daraja la juu kwa kitu unachoweza kunyunyiza mwenyewe. Soma namba na viambato kwa pamoja.

Majina yanayopatikana kirahisi nje ya China ni Pearl River Bridge, Haitian na Lee Kum Kee. Yote yana asili ya Guangdong, jimbo la Wakantoni kusini mwa China, kwa hiyo mtu wa familia ya Kikantoni hatahangaika sana. Kila moja hutengeneza sosi za madaraja tofauti, basi usinunue jina, nunua lebo ya chupa uliyoishika.

Ukitaka kujua kama umepata, pika mayai ya mvuke. Piga mayai mawili, ongeza maji ya uvuguvugu kiasi cha mara moja na nusu ya mayai, chuja, funika, weka juu ya mvuke wa moto mdogo kwa dakika kama kumi. Yakishaganda yakawa laini, dondoshea kijiko cha chai cha sosi na matone ya mafuta ya ufuta. Sosi nzuri itakuonjesha chumvi, kisha utamu, kisha kitu kama supu ya nyama. Sosi dhaifu itakupa chumvi tu.

Ya pili: sosi nzito, 老抽

Laochou kazi yake ni rangi. Ndiyo inayoipa hongshao ule wekundu wa kahawia unaong'aa. Humu karameli kwenye viambato ni jambo la kawaida, usiikatae kwa sababu hiyo. Nusu kilo ya nyama inatosheka na vijiko vikubwa viwili vya sosi nyepesi na kijiko kimoja cha chai cha nzito, pamoja na sukari, tangawizi na nyota ya anise. Asiyekula nguruwe atumie ng'ombe au mapaja ya kuku. Utaratibu ni uleule. Nunua chupa ndogo kabisa, maana itakaa muda mrefu.

Wengi hununua hii peke yake kwa kudhani nyeusi zaidi ndiyo kali zaidi, kisha wali wa kukaanga unatoka mweusi na bila ladha.

Ya tatu: sosi ya Kijapani

Kikkoman na wenzake huuzwa karibu kila mahali na imechachushwa kweli. Ina ngano nyingi, karibu sawa na soya, hivyo ina utamu na harufu ya kileo kidogo. Kwenye mayai na nyanya au wali wa kukaanga inapita. Kwenye samaki wa mvuke utaonja Japani.

Tamari, sosi nyingine ya Kijapani yenye ngano kidogo au isiyo nayo, ninaiweka baada ya hapo, kwa anayekwepa gluteni (protini ya ngano) tu, naye athibitishe kwamba haina ngano, maana si zote.

Ya mwisho, na usiinunue

Ni ile ambayo lebo inataja protini ya mimea iliyovunjwa kwa asidi, rangi na chumvi. Hutengenezwa kwa siku chache badala ya miezi. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula ya Uingereza ilikuta baadhi ya sosi sokoni zina 3-MCPD, kemikali inayoweza kutokea protini inapovunjwa kwa asidi, kwa kiwango kisichokubalika. China yenyewe, kwa kiwango chake cha mwaka 2018, haikubali tena sosi iliyochanganywa na protini hiyo iitwe sosi ya soya.

Mpangilio huu unabadilika kulingana na nyumba uliyokulia. Kama wazee wako ni wa Taiwan, tafuta sosi ya soya nyeusi, ambayo mji wa Xiluo unasifika nayo, hata kabla ya hiyo ya kwanza. Kama ni wa Sichuan na unachokililia ni mapo tofu (tofu ya pilipili), pesa nzuri ipeleke kwenye doubanjiang ya Pixian, rojo zito la maharage na pilipili lililochachushwa. Sosi ya daraja la kati itatosha.

Muislamu aangalie alama ya 清真 (halali) na asome kama kileo kimeongezwa kama kihifadhi. Mwenye presha apime kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja kina chumvi zaidi ya gramu mbili, na Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya tano kwa siku.

Nairobi na Dar es Salaam, anza na maduka ya Wachina kabla ya supamaketi. Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya mgongo wa chupa. Asipoituma, nenda kwa mwingine.