Albamu za ambienti: ipi ununue kwanza na ipi isubiri

Albamu ya ambienti, yaani muziki tulivu wa kujenga hali ya mahali ulipo, ina mitihani miwili, na nyingi hufaulu mmoja tu. Wa kwanza ni kuiacha icheze huku ukiandika au ukisoma: je, inakuachia nafasi? Wa pili ni kukaa kitako na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kushika simu: je, dakika ya ishirini bado ina kitu cha kukupa? Brian Eno, aliyeupa muziki huu jina, aliweka sharti hilo mapema. Katika maelezo ya albamu yake ya 1978 alitaka muziki unaoweza kupuuzwa kwa urahisi ule ule unaoweza kumvutia msikilizaji. Nimeutumia mzani huo, na nimezipanga albamu kwa utaratibu ambao ningemshauri rafiki azinunue. Mikusanyiko ya sauti za mvua na "muziki wa usingizi" isiyotaja hata jina la mtunzi nimeiacha nje. Inafaulu mtihani wa kwanza kwa sababu ndani yake hamna kitu.

1. Brian Eno – Ambient 1: Music for Airports (1978)

Anza hapa, hata kama umechoka kuambiwa uanze hapa. Wazo lilimjia Eno akiwa uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, ambako muziki uliokuwa ukipigwa haukulingana na mahali penyewe. Albamu ina vipande vinne visivyo na majina, namba tu. Cha kwanza, cha zaidi ya dakika 17, ni piano ya Robert Wyatt inayorudi na kurudi bila haraka. Cha pili ndicho kinachoonyesha siri ya muziki huu. Sauti za waimbaji zilirekodiwa noti moja moja, kila noti ikawekwa kwenye kitanzi chake cha kanda, yaani kanda iliyounganishwa ncha kwa ncha ili ijirudie. Kitanzi kimoja huzunguka kila sekunde 23 na nusu, kingine karibu sekunde 26, kingine karibu 30. Kwa kuwa urefu haulingani, noti hukutana hivi, kisha zikakutana vile, na muda wote unaosikiliza hazijipangi tena kama mwanzo. Mtunzi aliuwasha mtambo akakaa kando. Anayeanza atasikia utulivu. Mzoefu atajikuta anaisubiri noti fulani irudi, na kusubiri huko ndiko utamu wenyewe ulipo.

Kuna toleo la 2018 la santuri mbili, lililokatwa kwa kasi ya mizunguko 45 kwa dakika. Sauti yake ni safi sana, ila utainuka kugeuza santuri kila kipande kinapoisha. Kwangu muziki huu unaumia ukikatwakatwa hivyo, kwa hiyo ningechukua toleo la kawaida la santuri moja, au faili ya dijitali.

2. Hiroshi Yoshimura – Music for Nine Postcards (1982)

Kama nambari moja ilionekana baridi kwako, hii itakurudisha. Yoshimura alitunga vipande tisa vifupi vya kinanda cha umeme, vyepesi na vyenye melodia unayoweza kuiimba kimoyomoyo, na vikapigwa ndani ya jumba la sanaa la Hara jijini Tokyo. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kuipata nje ya Japani, hadi ilipotolewa upya 2017. Yoshimura mwenyewe alifariki 2003 na hakuiona siku hiyo, jambo linaloniuma kila ninapoicheza. Hakuna albamu rahisi kupenda kuliko hii katika orodha nzima, na bado haichuji.

Wengi wakishaipenda hukimbilia albamu yake nyingine, Green ya 1986. Wana haki, lakini wawe macho: Green ina sura mbili. Ile ya awali ya Japani ni vinanda vitupu. Ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani iliongezewa sauti za maji na ndege. Tafuta ya awali. Maji yale yanaifunika kazi ambayo haikuhitaji pambo.

3. Harold Budd na Brian Eno – The Pearl (1984)

Piano ya Budd, mwangwi wa Eno, na Daniel Lanois kwenye utayarishaji. Ni nzuri kwa usiku, na ni fupi vya kutosha kusikilizwa nzima kwa kikao kimoja. Sina mengi ya kuongeza, nunua.

4. KMRU – Peel (2020)

KMRU ni Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru aliyetamba kwa nyimbo za Kikuyu. Anarekodi sauti za mazingira, kisha anazivuta na kuzitandaza hadi husemi tena kama ni upepo, mashine au watu wa mbali. Peel ilitolewa na lebo ya Editions Mego na ina vipande sita. Kile cha mwisho, kilichobeba jina la albamu, kinapita dakika ishirini, na kinajengeka polepole kiasi kwamba ukikisikiliza ukiwa na kazi nyingine unashtuka kuona chumba kimejaa.

Nimeiweka juu ya majina makubwa kwa makusudi. Wanaofuatilia ambienti wanapenda kurudi kwenye miaka ya sabini na themanini kana kwamba kazi ilimalizika huko. Peel inapita mitihani yote miwili, na inaongeza kitu ambacho Eno hakukifanya: inakufanya usikie upya kelele zako za kila siku. Tumia hedifoni nzuri, kwa kuwa mambo mengi yamo kwenye sauti za chini kabisa.

5. Aphex Twin – Selected Ambient Works Volume II (1994)

Kwanza, usiichanganye na Selected Ambient Works 85–92. Ile ina midundo na inachezeka. Hii karibu haina mdundo, na vipande vyake vingi havikupewa majina, vilitambulishwa kwa picha. Baadhi vinatuliza, vingine vinatisha waziwazi, kwa hiyo usimpe mtu anayetafuta cha kulalia.

Pili, soma orodha ya vipande kabla ya kulipa. Matoleo ya awali ya CD yalikosa kipande ambacho mashabiki hukiita Stone in Focus, kilichokuwepo kwenye santuri, na CD ya Marekani ilikosa kingine tena. Toleo lililopanuliwa la 2024 limevirudisha vyote na kuongeza vingine. Leo sioni sababu ya kununua lingine.

6. Stars of the Lid – The Tired Sounds of Stars of the Lid (2001)

Saa mbili za gitaa zilizonyoshwa hadi zikapoteza sura ya gitaa, pamoja na nyuzi za okestra. Inahitaji subira, na ukiwa nayo inakulipa. Santuri zake ni tatu, maana yake pande sita. CD mbili zinatosha.

7. William Basinski – The Disintegration Loops (2002–2003)

Mwaka 2001 Basinski alikuwa anahamishia kwenye dijitali kanda zake za miaka ya themanini. Utando wa kanda ukaanza kubanduka kadiri zilivyozunguka mbele ya kichwa cha mashine, na yeye akaacha mashine iendelee kurekodi. Unachosikia ni kipande kifupi cha muziki kikifa polepole, mzunguko hata mzunguko. Yeye aliishi Brooklyn, New York, na kazi hiyo ikaja kufungamana na mashambulizi ya Septemba 11 mwaka ule ule, kwani alipiga picha za moshi juu ya jiji siku hiyo na kuziambatanisha nayo.

Juzuu ni nne, lakini nunua ya kwanza tu. Kipande chake kikuu kinazidi saa moja, na hapa ndipo swali la santuri, CD au faili linapokuwa zito. Uharibifu huu hauna maana ukikatizwa, na santuri lazima ikatize. Pia mikwaruzo ya santuri itachanganyika na mikwaruzo ya kanda hadi usijue kipi ni cha Basinski. Chukua faili isiyobanwa, na hakikisha programu yako haiweki pengo kati ya kipande na kipande. Ushauri huo unafaa kwa karibu kila albamu tulivu: sauti inaposhuka sana, kila punje ya vumbi kwenye santuri husikika.

8. Tim Hecker – Ravedeath, 1972 (2011)

Kinanda cha mabomba kilichorekodiwa kanisani Reykjavík, Iceland, kisha kikararuliwa kwa kompyuta. Haikubali kupuuzwa, ndiyo maana imeshuka hadi hapa. Kwa mzoefu aliyechoshwa na upole, ipande hadi nafasi ya tatu.

9. Éliane Radigue – Trilogie de la Mort (1988–1993)

Hii ni ya mwisho kununuliwa, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mfaransa huyu alitunga sehemu tatu, kila moja karibu saa nzima, kwa sinthesaiza moja (mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme), ARP 2500. Ya kwanza ilitokana na maandiko ya Kitibeti kuhusu safari ya roho baada ya kifo. Kisha mwanawe akafariki katika ajali ya gari, na sehemu ya pili aliitunga akiwa na msiba huo. Sauti hubadilika polepole sana. Hushiki lini imebadilika, unagundua tu kwamba uko mahali pengine.

Spika ndogo za kompyuta zitaiua, kwani zinafuta besi inayobeba kila kitu. Isikilize kwa spika zenye kina, kwa sauti ya wastani, sehemu moja kwa siku.