Simu ya Intaneti Dukani na Nyumbani South B: Uzoefu Wangu Tangu 2024

Kaka yangu alipopata kazi Kisumu mwishoni mwa 2023, aliondoka na nambari ya duka letu. Hakuiba. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, M-Pesa yake ilikuwa humo humo, na benki yake ilimjua kwa nambari hiyo hiyo. Hangeweza kuiacha hata angetaka. Sisi tunashona sare za shule, hatua chache kutoka Biashara Street, na kwa miaka tisa walimu wakuu na wahasibu wa shule za Kitui, Narok hadi Taita walikuwa wakiipiga nambari ile. Januari 2024, msimu wenyewe wa sare, simu zao zikawa zinamfikia yeye akiwa kazini kwingine, naye ananitumia ujumbe: "Dada, kuna mwalimu wa Mwingi anataka sweta mia na ishirini, mpigie." Nikimpigia, keshanunua kwa jirani.

Nilichotaka ni nambari ya duka, isiyotembea mfukoni mwa mtu. Februari nikapata ya 020, msimbo wa Nairobi, kupitia kampuni inayotoa simu za intaneti, huduma ambayo mafundi huiita VoIP. Waliomba cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA na nakala ya kitambulisho changu, lakini mwenye nambari kwenye mkataba ni duka. Mstari ule niliusoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Anayeingia huku akitarajia kuokoa pesa nyingi kwa simu za humu nchini, apige hesabu kwanza. Simu za mkononi Kenya si ghali tena. Ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu ilishushwa na Mamlaka ya Mawasiliano kutoka senti 99 kwa dakika hadi senti 58 mwaka 2022, kisha senti 41 mwaka 2024, na bando za dakika zimejaa tele. Mimi nalipia nambari kila mwezi, nalipia dakika ninazopiga kwenda simu za mkononi, na juu yake kuna faiba ambayo lazima iwe ya kutegemewa. Nikijumlisha yote, sijaona tofauti kubwa na tulichotumia zamani. Kilicho bure ni simu kati ya duka na nyumbani, na hiyo nitaifikia.

Dukani tuna simu mbili za mezani zilizochomekwa kwa kebo kwenye ruta: moja kwangu kwenye kaunta, nyingine kule nyuma kwa mkataji wetu wa vitambaa. Nyumbani South B hatukununua simu mpya. Tulinunua adapta, HT802 ya Grandstream, kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye matundu mawili ya simu na moja la kebo ya mtandao. Humo tukachomeka simu ya kijivu ya vibonyezo aliyoiacha marehemu baba, iliyokuwa imelala kabatini tangu waya wa shaba ulipokufa. Nilipoinua mkono wa simu nikasikia ule mlio mrefu wa kungoja kupiga, mama alisimama akaja kusikiliza mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilinitoa machozi. Mteja anapiga, mimi namsikia kama yuko mlangoni, yeye hanisikii. "Haloo? Haloo? Mbona kimya?" Kisha anakata. Siku moja nilihesabu simu kumi na moja za aina hiyo. Kampuni ya simu ikasema tatizo liko kwa mwenye faiba. Mwenye faiba akasema liko kwa kampuni ya simu. Na mimi nina kaptura za kaki mia tatu zinazongoja mwenyewe.

Aliyetuokoa ni kijana anayeuza vifaa vya mtandao Luthuli Avenue. Alikuja na laptopu, akaingia kwenye ruta, akatafuta mpangilio unaoitwa SIP ALG, akauzima. Alinieleza kwamba simu ya intaneti hufunga safari mbili. Ya kwanza ni ya kuitana, hiyo ndiyo SIP, na humo simu huambiana sauti ipelekwe anwani gani. Ya pili ni ya sauti yenyewe. Ruta nyingi huja na mpangilio ule ukiwa umewashwa. Kazi yake ni kubadilisha anwani zilizoandikwa ndani ya ule ujumbe wa kuitana, kwa nia ya kusaidia. Mpangilio huo ukikosea, kengele italia na mtu atashika, lakini sauti ya upande mmoja itapelekwa kwenye anwani isiyo na mtu, kama barua iliyoandikwa sanduku la posta la mwingine. Kazi ilimchukua dakika tano. Kama simu yako inalia vizuri lakini mmoja wenu hasikiki, anzia hapo kabla hujabadilisha kampuni.

Baada ya hapo sauti ilitulia, na kwa masikio yangu ni safi kuliko ya simu ya mkononi nikiwa ndani ya jengo letu lenye kuta nene. Watu huniuliza faiba ya kasi gani inatosha. Simu moja kwa kodeki ya G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, ambayo ndiyo tunayotumia, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Hata faiba ya megabiti 10 hubeba simu nyingi kuliko nitakazowahi kuwa nazo. Kinachoharibu ni kusuasua, pakiti za sauti, vile vipande vidogo ambamo sauti husafiri, zikichelewa, zikipishana, nyingine zikipotelea njiani. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha mmoja hadi sikio la mwingine. Ikichelewa sana mnaanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Nyumbani tuliliona hili jioni, mwanangu akipakia video zake. Sauti ya mama ilitoka vipande vipande, neno la kwanza na la mwisho, katikati hakuna kitu. Dawa ilikuwa kuiambia ruta iipe adapta kipaumbele mbele ya vifaa vingine vyote. Na simu yoyote ya mezani ipewe kebo. Waifai iachiwe televisheni na simu za watoto.

Kuna swali moja ambalo sikujua kuliuliza wakati wa kutia sahihi, nikaja kuona thamani yake Mei 2024. Uliza seva zao, kompyuta zinazounganisha simu, ziko wapi. Mwezi huo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kujikokota kwa siku kadhaa. Barua pepe zetu ziligoma, tovuti za nje hazikufunguka. Simu ya duka iliendelea kulia. Seva ya kampuni yetu iko hapa hapa Nairobi, kwa hiyo sauti inayotoka kwetu kwenda kwa mwalimu wa Machakos haina haja ya kuvuka bahari. Rafiki yangu wa Westlands, aliyejiunga na huduma ya nje kwa sababu ilikuwa rahisi, alikaa siku mbili bila kuelewana na mteja hata mmoja.

Stima ndiyo shida ambayo haijaisha. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48 kwenye waya ule ule wa sauti, ndiyo maana mama alipenda kunikumbusha: "Simu ya baba yako ililia hata gizani." Hii ya sasa stima ikipotea, ruta inazima, adapta inazima, na nambari inanyamaza. Tulinunua betri ndogo ya volti 12 ya kushikilia ruta na adapta, moja dukani na moja nyumbani. Hushika saa tatu, wakati mwingine nne. Lakini hiyo haitoshi kama kifaa cha faiba cha mtaani nacho hakina betri, na hilo haliko mikononi mwangu. Kwa hiyo tumepanga kwamba simu isipopatikana, mfumo wenyewe unaihamishia kwenye simu yangu ya mkononi. Hatua hii iombwe siku ya kwanza, msingoje giza. Na jambo la dharura hatulipigi kwa simu hii. Nimemwekea mama simu ndogo ya vibonyezo kando ya kitanda kwa ajili ya 999, yenye chaji wakati wote.

Sasa nifike kwa mama. Ana miaka 78 na viungo vya vidole vimevimba. Skrini ya kugusa haimtii. Kila alipotaka kunipigia alikuwa akimngoja mjukuu atoke shule. Kwenye mfumo wetu kila simu ina nambari ya ndani: kaunta ni 11, kwa mkataji ni 12, nyumbani ni 20. Mwanangu aliandika 11 kwa wino mwekundu kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu ya simu ya kijivu. Mama anabonyeza moja, halafu moja tena, na kwenye kaunta yangu katikati ya jiji kunaandikwa MAMA. Hakuna salio linalokatwa. Siku ya kwanza alipiga mara sita.

"Mwanangu, mmekula?"

"Bado mama, kuna wateja."

"Saa nane hii?"

Mafundi wangu wa cherehani sasa wanaujua mlio ule. Ikifika saa saba na nusu, mmoja huniambia nikale kabla mama hajapiga. Kwa mtu anayemlea mzazi huku anafanya biashara, sijui kitu kingine nilichonunua kwa pesa hizo kikanipa utulivu wa namna hii. Asubuhi moja alipiga akasema kizunguzungu kimemshika, nikamfikia ndani ya dakika ishirini na tano kwa boda. Zamani angekaa na kizunguzungu chake hadi saa kumi.

Dada yetu mdogo yuko Dubai. Nilidhani nitampa naye nambari ya ndani, aongee na mama bure. Haikuwezekana. Kule simu za intaneti zinaruhusiwa kwa programu chache zilizoidhinishwa tu, hata simu za WhatsApp huzuiwa, na programu yetu haikuweza kujisajili kutoka kwake. Nilisikitika sana. Siku hizi mimi humpigia kutoka dukani kwa dakika za nje tunazolipia, halafu namuunganisha na 20, mama anashika pale pale alipoketi.

Mwezi wa saba tulipata pigo. Jumatatu moja nilikuta salio letu limeisha, shilingi elfu tatu na mia mbili, na orodha ya simu za usiku wa manane kwenda nchi ambazo hatuna mteja wala jamaa. Aliyetufungia mfumo aliacha nywila ya nambari 12 ikiwa 1212. Kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka intaneti nzima wakijaribu nywila za aina hiyo, wakipata mlango wanapiga nambari za bei ghali wanazofaidika nazo. Kilichotuponya ni kwamba tunalipa kabla ya kutumia. Tungekuwa wa bili ya mwisho wa mwezi, sijui ningeongea nini leo. Tulibadilisha nywila zote zikawa ndefu za kuchanganyika, na simu za nje zikafungwa isipokuwa Falme za Kiarabu na jirani zetu wa Afrika Mashariki.

Kurekodi simu kumetusaidia kumaliza ubishi wa vipimo na rangi. Maruni na nyekundu iliyokolea ni vitu viwili kwa mwalimu mkuu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mshona sare, kwa hiyo mteja husikia tangazo kwanza kwamba anarekodiwa na ni kwa sababu gani. Hakuna aliyelalamika hadi leo.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia. Watu hawashiki simu za 020. Wakiiona wanafikiri ni benki, au wanaodai mikopo ya simu. Mwanzoni nilipiga simu kumi, zikashikwa tatu. Sasa kabla ya kumpigia mteja mpya namtumia ujumbe kwa simu yangu: ni duka la sare, tutakupigia kwa nambari hii, ihifadhi. Risiti zetu zote zina nambari hiyo kwa herufi kubwa. Walioihifadhi wanashika. Na tili ya M-Pesa bado iko kwenye laini ya kawaida, kwa kuwa ile ya 020 tuliyopewa haipokei ujumbe mfupi. Ila laini hiyo sasa imesajiliwa kwa jina la biashara, haitoki kwenye droo ya kaunta.

Kaka alikuja Krismasi iliyopita. Mhasibu wa Mwingi alipopiga, ni yeye aliyeshika, akamchukulia oda ya sweta, akaandika kwenye daftari, akarudi mezani kuendelea na chai. Mkataba tumeuongeza, na nimeomba simu ya tatu, nambari 13, ya ghala.