L'Arlésienne ya Bizet kwa bendi ya kupuliza, nimepiga saksofoni ya alto na haya ndo niliyoyaona

Wapiga saksofoni wenzangu, hii seti msiipite. Mi nimekulia kwenye kwaya ya tarumbeta ya kanisa la Kilutheri kule Moshi, siku hizi niko Ujerumani napiga alto kwenye bendi ya mtaani kwetu, tuko kama arobaini hivi, na msimu huu tumenunua nota za L'Arlésienne, ule mziki ambao Mfaransa Georges Bizet aliandikia tamthilia ya Alphonse Daudet, Paris, 1872.

Kawaida mziki wa okestra ukiletwa kwenye bendi sisi wa saksofoni tunapewa kujazia tu, mara ushike sauti ya honi, mara ya selo, shoo inaisha hujasikika. Hapa ni tofauti kabisa kwa sababu Bizet mwenyewe aliiweka alto tangu mwanzo, na okestra yake pale ukumbini ilikuwa na watu 26 tu, na saksofoni ndo kwanza ilikuwa na miaka 26 tangu Adolphe Sax, aliyeibuni, aisajili! Kwenye Prelude, yaani kipande cha kufungulia, bendi nzima inaanza na ule wimbo wa zamani wa Provence, kusini mwa Ufaransa, Machi ya Wafalme, wote sauti moja bila sauti nyingine za kupatana chini yake, kishindo kweli, halafu baadaye mambo yanatulia na alto inaingia na wimbo wa L'Innocent, mdogo wake Frédéri, kijana mhusika mkuu wa tamthilia; L'Innocent ndo yule mtoto ambaye watu wa nyumbani wanaona akili yake bado imelala. Nilipojua ni wa nani niliacha kuupiga kwa mbwembwe, nikapunguza mtetemo, nikapuliza laini tu. Mazoezini watu walinyamaza. Sijawahi kupata kitu kama hicho kwenye bendi.

Farandole, ngoma ya mwisho, nayo tamu sana, hiyo aliipanga rafiki yake Ernest Guiraud 1879, Bizet alishafariki 1875 akiwa na miaka 36 tu, inauma. Ile machi na ile ngoma ya kukimbia zinakuja kukutana mwishoni, tromboni wanabeba machi na filimbi na klarineti wanakimbia juu yao, kwa kweli naona bendi inaipiga kwa nguvu kuliko violini.

Adagietto, kile kipande cha polepole, ndo imenisikitisha. Bizet aliiandika kwa vyombo vya nyuzi peke yake, vimezibwa sauti, sasa hapa wamewapa klarineti na pumzi hazitoshi, ile sentensi ndefu inakatika katikati kila mara. Tumeiacha.

Na mkinunua hesabuni kurasa siku hiyo hiyo, kwetu klarineti ya tatu ilikosa ukurasa mzima, muuzaji alituletea baada ya wiki tatu na barua pepe nne. Halafu ngoma ya Farandole tafuteni ndefu yenye sauti ya chini kama ile ya Provence, sisi tulianza na sneya, ile ngoma fupi ya kijeshi yenye mlio mkali, ikawa kama gwaride, tulipobadilisha ikaanza kucheza.