Programu ya HDR iliyoufuta mjakaranda wa mteja wangu

Nimeitumia programu hii ya HDR, yaani ya kuunganisha picha kadhaa zenye mwanga tofauti ziwe picha moja inayoonyesha vizuri penye giza na penye mwanga mkali, kwa muda wa kutosha kuisema bila kuionea, na nilikuwa nimekwisha kuipendekeza kwa wapiga picha wenzangu kadhaa hapa Nairobi kabla toleo jipya halijaletwa. Leo naandika kuliondoa pendekezo hilo. Sitaeleza inahitaji kompyuta ya namna gani wala inasoma faili za kamera zipi, kwa kuwa hayo yote yamo katika tovuti yao. Nitaeleza jambo moja ambalo tovuti hiyo imelinyamazia, nalo ni yale yanayotokea pale ambapo ndani ya picha kuna kitu kinachotikisika.

Kazi yangu kubwa ni kupiga picha za nyumba zinazouzwa na zinazopangishwa. Yeyote aliyewahi kuifanya anajua kwamba sebule yenye dirisha pana ni mtihani: ukipima mwanga wa chumba, dirisha linaungua na kuwa jeupe kabisa, ukipima mwanga wa nje, makochi na kuta vinazama gizani. Ndiyo maana tunaiweka kamera juu ya stendi na kupiga picha tano za mandhari yale yale, kuanzia yenye giza zaidi hadi yenye mwanga zaidi, kila moja ikipishana na inayofuata kwa stopu mbili, yaani vipimo viwili vya mwanga. Kwa kuwa kila stopu huongeza mwanga maradufu, tofauti iliyopo kati ya picha ya kwanza na ya tano ni ya mara 256. Programu huzikusanya zote katika faili moja, kisha huyabana masafa hayo ya mwanga hadi skrini ya kawaida iweze kuyaonyesha.

Mteja aliyenifikisha hapa ni mama mmoja mwenye nyumba Kileleshwa. Ilikuwa msimu ule ambao mijakaranda ya Nairobi huchanua, na mmoja ulikuwa umesimama nje kabisa ya dirisha la sebule yake, umejaa maua ya zambarau hadi majani hayaonekani. Alinieleza tangu mwanzo kwamba mti huo ndio aliotaka mnunuzi auone kabla ya kuona kitu kingine chochote. Nilipiga picha zangu tano, nikazihamishia kwenye kompyuta pale pale kwenye meza yake ya kulia chakula, na yeye akavuta kiti akaketi kando yangu kutazama.

Picha ilipotokea, chumba kilikuwa kimekaa vizuri sana, lakini dirishani palikuwa na doa jeupe lisilo na umbo, pembeni mwake pakiwa na mabaki ya zambarau, na tawi moja limekatika hewani kana kwamba limechanwa kwa mkono. Pazia jepesi nalo lilikuwa na ncha mbili, moja juu ya nyingine. Mama yule alitazama kwa muda, akasogea karibu zaidi na skrini, akaniuliza kwa upole: "Kijana wangu, mti wangu umekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu ambaye mti wenyewe alikuwa akiuona kwa macho yake hatua chache tu kutoka tulipoketi.

Sababu yake naifahamu, na ndiyo inayonikasirisha zaidi. Picha tano hazipigwi kwa wakati mmoja; kati ya moja na nyingine upepo hupita, tawi husogea, na programu inapozilinganisha hukuta kitu kile kile kikiwa mahali panapotofautiana. Ikichanganya zote, unapata mizuka, yaani vivuli viwili au vitatu vya kitu kimoja. Njia ya kawaida ya kuiondoa ni kuchagua, kwa eneo hilo linalotikisika peke yake, picha moja kati ya tano na kuziacha nyingine nne. Hapo ndipo penye uamuzi wote. Kwa mti ulio nje juani, picha inayofaa ni mojawapo ya zile zenye giza, kwa maana ndimo maua yalimobaki na rangi yake. Toleo jipya huchukua ile ya katikati, iliyopimwa kwa mwanga wa chumba, ambamo dirisha limekwisha kuungua. Kwa maneno mengine, mjakaranda ulikuwemo katika faili zangu, mzima, ua kwa ua, na programu ikauacha ikachagua weupe.

Toleo la zamani halikunifanyia hivi. Lilikuwa na brashi ya kupaka eneo lenye mizuka na kitufe cha kuamua picha ya kutumia hapo, kazi ambayo mtu aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Brashi hiyo imeondolewa. Mahali pake pamewekwa kitufe kimoja kinachojisifu kwamba hufanya yote chenyewe, na hakuna pa kukikataza. Sisi tuliolipia leseni hatukuulizwa.

Niliandikia huduma kwa wateja siku ile ile, kwa adabu, nikaambatanisha faili zote tano pamoja na picha iliyoharibika. Jibu lilikuja baada ya kusubiri sana, na ningependa kila anayefikiria kununua programu hii alijue. Mhudumu aliniuliza kama nina hakika kwamba naelewa HDR ni nini. Akaendelea kunishauri nirudi siku isiyo na upepo, au nipige picha jioni, wakati mwanga wa nje unapolingana na wa ndani. Aliyeandika hayo hajawahi kufanya kazi Nairobi. Sisi tuko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta; jua huzama karibu wima, na baada ya hapo giza haliwasubiri wapiga picha. Muda ambao dirisha na taa za ndani vinalingana unatosha chumba kimoja, pengine viwili, na nyumba ya mama yule ina vyumba vingi kuliko hivyo. Zaidi ya hayo, mjakaranda uliochanua hauonekani zambarau jioni. Nilipojibu kwa kueleza haya, ombi langu lilifungwa likiwa limeandikwa kwamba limetatuliwa.

Wala tatizo hili si geni kiasi cha kumshangaza mtu anayeuza programu ya aina hii. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipokuwa akipiga picha za bahari, kioo chenye dawa kilichopigiwa picha siku hizo hakikuweza kubeba mbingu na maji kwa pamoja, naye akawa akipiga negativu (picha ya awali ambayo chapa hutolewa) ya mbingu na negativu ya bahari, kisha akaziunganisha katika chapa moja. Mkono wake ndio ulioamua mbingu itoke wapi na bahari itoke wapi. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walipochapisha njia yao ya kukusanya masafa mapana ya mwanga kutoka katika picha kadhaa za kawaida, njia hiyo ilidai mandhari iliyotulia. Tangu hapo kila anayeunda programu ya HDR anajua kwamba vinavyotikisika vinahitaji uamuzi wa pekee. Kumnyang'anya mpiga picha uamuzi huo, kisha kumuuliza kama anaelewa anachokifanya, ni dharau.

Haki nayo lazima isemwe. Katika vyumba vyenye vitu vilivyotulia sijaona programu inayobana mwanga vizuri kuliko hii. Sakafu ya mbao ya mama yule ilitoka na rangi yake ya asili, vivuli chini ya makochi vilikuwa na kina, na kuta hazikupata ule mng'ao wa uongo unaozunguka kingo za vitu na kuzifanya picha nyingi za HDR zichoshe macho. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimenuia kuipa nyota tatu kwa sababu hiyo. Lakini ninapoyakumbuka maneno ya mhudumu yule naona kwamba nyota tatu ni ukarimu ambao wao hawakunionyesha, na kwamba sebule bila dirisha lake ni nusu ya kazi, na hakuna mteja anayelipia nusu.

Kazi yenyewe niliimaliza kwa GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Nilichukua chumba kutoka katika faili iliyounganishwa na dirisha kutoka katika picha moja yenye giza, nikaweka safu juu ya safu, nikapaka barakoa, yaani kificho kinachoamua safu ipi ionekane wapi, kuzunguka fremu ya dirisha na pindo la pazia hadi usiku ukaingia. Mama alipata mti wake na akaridhika. Mimi nilifanya kwa mkono kile ambacho nilikuwa nimekilipia kifanywe na programu.

Kwa hiyo ni nyota moja. Anayepiga picha za bidhaa mezani au za vyumba visivyo na madirisha huenda akaifurahia, na sitamzuia. Kwa yeyote mwenye miti, mapazia, bendera au watu mbele ya kamera yake, namsihi abaki na toleo la zamani kama bado analo na azime usasishaji wa moja kwa moja leo hii. Wenye programu warudishe brashi na kitufe cha kuchagua picha, na walifungue upya ombi langu; siku hiyo nitairekebisha tathmini hii mimi mwenyewe.